Wadudu wa maua ya ndani: sumu ya dukani au sabuni na mwarobaini? Jirani yangu hatumii dawa na ya kwake yanang'aa!

#1 Bint_Shangani
Habari zenu wadau. Nipo Mtwara mjini, Shangani, nyumba ya kupanga.

Nina mani planti, krotoni, ulimi wa mama mkwe, waridi kwenye ndoo karibu na dirisha, na kopo la mrehani ambalo mama mwenye nyumba hulichuma kila akipita kwangu. Tangu kusi likaze, krotoni imeshikwa na vidudu vyeupe vya pamba pamba, vinajibana pale jani linapoungana na tawi. Sakafu chini ya chungu inanata hadi kandambili zinalia. Waridi nalo limepauka, majani yana vidoa vidogo vya njano, na ukiyageuza unaona utando mwembamba.

Nikaenda duka la pembejeo, nikapimiwa dawa kwenye kichupa cha maji ya kunywa, nikaambiwa vifuniko viwili kwa lita. Nikapulizia. Wadudu wakadondoka, nikafurahi. Sasa wamerudi, na kwenye waridi wamerudi kwa kishindo kuliko mwanzo.

Kinachoniumiza roho ni jirani yangu, bibi wa Kimakonde, tunachangia ukuta. Yeye maua yake yapo kibarazani, anayamwagia maji ya kuoshea vyombo, basi. Hana mdudu!

Je, kuna haja ya kuingiza sumu ndani kwa ajili ya maua? Au tiba za nyumbani zinatosha? Nataka wenye uzoefu, siyo wa kwenda kunakili huko mitandaoni.

#2 Kijogoo_Lindi
Nimekaa mkao wa kula, mhogo wa kuchoma upo pembeni. Huyo bibi usimguse, mdudu wa Mtwara anajua nyumba ya kuingia.

#3 Mkorosho_Mzee
Mwanangu, sumu za dukani ni biashara tu. Sisi huku Newala mwarobaini umejaa kila uwanja. Chuma majani, twanga kwenye kinu, loweka usiku kucha, asubuhi chuja kwa kitambaa, pulizia. Mdudu hapiti hapo tena.

#4 MwanaSUA
Mzee shikamoo. Naongezea tu kwa heshima. Kwenye mwarobaini dawa yenyewe, azadiraktini, imejaa zaidi kwenye kokwa za mbegu kuliko kwenye majani. Kipimo kinachotumika sana ni gramu 50 za kokwa zilizotwangwa kwa lita moja ya maji, unaloweka usiku, unachuja, unatia sabuni kidogo ili dawa ishike kwenye jani. Pulizia jioni, kwa sababu jua linaivunja haraka.

Halafu Bint asitegemee kuona maiti sakafuni. Mwarobaini hauui papo hapo. Unamfanya mdudu akose hamu ya kula, na mtoto wa mdudu anashindwa kujivua gamba ili akue. Watu wengi wanapulizia leo, kesho wanaona mdudu bado anatembea, wanasema mwarobaini ni uongo.

#5 Mkorosho_Mzee
Marahaba. Kokwa au jani, mti ni ule ule.

#6 Duka_la_Pembejeo
Mimi nauza viuatilifu, kwa hiyo najua nitapigwa mawe hapa. Lakini dada, kupimiwa kwenye kichupa cha maji ndiyo shida yako ya kwanza, tuache habari ya sumu dhidi ya asili. Huna lebo. Hujui kiini cha dawa ni nini, hujui ni ya mdudu gani, hujui imeisha muda lini. Hicho "vifuniko viwili" kifuniko cha nini? Cha maji ya nusu lita na cha dumu havilingani.

Dawa za kugusa zinamuua mdudu zikimfikia mwilini. Hao weupe wana nta mgongoni na wanajificha kwenye makwapa ya majani, na mayai yamefunikwa na pamba ile ile. Umeua waliokuwa nje. Wa ndani wamelala, wameamka, wamezaana. Kwa hao inafaa dawa inayonyonywa na mmea, mfano zenye imidaklopridi, unamwagia kwenye udongo, mizizi inapandisha, mdudu akifyonza utomvu amekwisha. Hapo hupulizii kitu hewani, huvuti chochote.

#7 BwanaShamba_Mstaafu
Ndugu zangu, mnagombana kuhusu dawa kabla ya kumjua mgonjwa ana nini. Nimekuwa ugani huku kusini tangu Masasi ni ya vumbi tupu, na kosa kubwa nililoliona ni hili.

Binti ana wageni wa aina mbili. Wale wa krotoni ni vidung'ata. Hao ndio wanaotoa ule mkojo mtamu unaonatisha sakafu, na baadaye utaona masizi meusi juu ya majani, ni ukungu unaoota kwenye utamu huo. Wale wa waridi, kwa maelezo ya vidoa na utando, ni utitiri. Utitiri si mdudu, ana miguu minane, yupo ukoo wa kupe na buibui. Dawa nyingi za wadudu hazimgusi kabisa. Hata hiyo imidaklopridi anayoisema mwenye duka haimsaidii kwenye waridi.

Na kuna zaidi. Dawa nyingi za jamii ya saipamethrini zinaua vile vijidudu vinavyokula utitiri, utitiri wenyewe anabaki. Amebaki peke yake mezani. Ndiyo maana amerudi kwa kishindo.

Fanya hivi: chukua karatasi nyeupe, iweke chini ya tawi la waridi, ligonge tawi kwa kidole. Vidoa vikianguka na kuanza kutembea, vipangusie hapo hapo kwenye karatasi. Vikiacha mchirizi mwekundu au wa kijani, ni hao.

#8 Bint_Shangani
Nimefanya sasa hivi. Vinatembea, na vimeacha mchirizi wa rangi ya matofali. Mwili wote unaniwasha ghafla.

Duka_la_Pembejeo, ile dawa nikiitia kwenye maji inageuka nyeupe kama maziwa na harufu yake inashika kichwa. Ni nini hiyo?

#9 Duka_la_Pembejeo
Kugeuka maziwa maana yake ni dawa ya mafuta, kiini kimeyeyushwa kwenye kimiminika kama cha mafuta ya taa, na harufu inayokushika kichwa nyingi ni ya hicho kimiminika. Dawa za aina hiyo zipo nyingi sana, siwezi kukutajia ni ipi. Ninachokwambia ni kwamba wengi wanaitumia shambani, kwenye upepo. Sebuleni yenye feni na mapazia ni habari nyingine. Na hicho kimiminika peke yake kinaweza kuunguza majani laini.

#10 Nesi_Kusini
Naomba niwakatishe kidogo. Hicho kichupa cha maji, dada, kipo wapi sasa hivi? Nauliza kwa sababu ninawaona watoto. Chupa ya maji, kitu cheupe ndani, mtoto ana kiu. Ikitokea, dalili za baadhi ya hizi dawa ni mate kumtoka mengi, jasho, kutapika, mboni za macho kuwa ndogo sana, kifua kubana. Kimbia hospitali na ubebe chupa au lebo. Usimlazimishe kutapika, na usimpe maziwa ukadhani umemaliza kazi. Dawa ya kutibu ipo kwa baadhi ya hizo sumu, lakini daktari lazima ajue ni sumu ipi, na kichupa kisicho na lebo hakimwambii kitu.

Hayo tu, endeleeni.

#11 Bint_Shangani
Asante nesi. Kimefungwa, nimekipandisha juu ya kabati na nimekiandika SUMU kwa maki pen.

#12 Mama_Naliendele
Sijaona mtu akitaja salfa na tupo mkoa wa korosho! Mimi nakaa huku Naliendele, nyumba yetu imezungukwa na mikorosho ya watu. Wakianza kupuliza salfa, Juni hadi Agosti, vumbi la njano linaingia mpaka kwenye vikombe. Tunakohoa, tunalalamika. Lakini kipindi hicho waridi zangu hazina huo utitiri. Salfa ikiisha, Septemba na Oktoba, majani yanaanza kupauka. Dawa ipo nje ya dirisha lenu, mnaenda kununua vichupa.

#13 Kijogoo_Lindi
Kwa hiyo Bint apande mkorosho sebuleni.

#14 BwanaShamba_Mstaafu
Mama Naliendele ana hoja, ila tuinyooshe. Salfa kwenye mikorosho inapulizwa kwa ajili ya ubwiriunga, ule ukungu unaoshika majani machanga na maua ya mkorosho. Utitiri inamuua pia, hilo kweli. Vidung'ata haiwasumbui. Kwa hiyo salfa kidogo kwenye waridi, sawa, nje ya nyumba na pua imefungwa. Kwenye krotoni unapoteza muda.

Angalizo kubwa: ukishapulizia mafuta yoyote, yawe ya mwarobaini au ya nazi, usipake salfa hadi wiki mbili zipite. Vikikutana vinaunguza majani. Na jua likiwa kali, zaidi ya nyuzi 32, salfa inaunguza hata ikiwa peke yake.

Lakini pia Juni hadi Agosti huku kwetu kuna ubaridi kidogo, na Septemba, Oktoba joto linapanda kabla ya mvua. Utitiri anapenda joto kavu, kizazi kimoja kinakua ndani ya wiki moja hivi. Inawezekana ni majira, siyo salfa.

#15 Mama_Naliendele
Majira ni yale yale kila mwaka, mzee wangu. Mwaka ambao majirani walichelewa kupuliza kwa sababu salfa ilichelewa, Julai yote waridi zangu zilikuwa hoi. Hilo majira hayalielezi.

#16 BwanaShamba_Mstaafu
Pengine. Au mwaka huo uliumwagilia kidogo.

#17 Mama_Naliendele
Nimemwagilia vizuri tu.

#18 Kitalu_Mitwero
Nimechelewa, nilikuwa kitaluni. Mimi nauza miche ya maua hapa Lindi, nawaambia kitu ambacho hakuna aliyekitaja: SISIMIZI. Bint, angalia ndoo na vyungu vyako, hakuna msafara unaopanda na kushuka?

Sisimizi anawafuga vidung'ata kwa ajili ya ule utamu. Anawalinda, anawafukuza maadui zao, mmea ukiisha nguvu anawabeba anawahamishia mmea mwingine. Unaweza kupulizia sumu ya dunia nzima, sisimizi wakiwepo wanakuletea mbegu mpya kesho. Kitaluni kwangu vyungu vya gharama vinakaa juu ya tofali, tofali ndani ya sahani ya maji yenye tone la sabuni. Sisimizi hawaogelei.

Halafu vidung'ata nawatoa kwa mkono. Kijiti cha masikio chenye pamba, chovya kwenye spiriti ya hospitali ile ya asilimia 70, mguse mmoja mmoja. Utaona ile nta nyeupe inayeyuka, mwili unabaki rangi ya kahawia, hasogei tena. Ingiza ncha kabisa kwenye kwapa la jani, ndipo mama mwenye mayai anapokaa. Ni kazi ya kuudhi, lakini kwa krotoni moja ya sebuleni ni kipindi kimoja cha taarifa ya habari.

#19 Kijogoo_Lindi
Spiriti ya hospitali ni hela. Nipa, ile pombe ya kienyeji, haifai? Huku msimu wa mabibo ikipikwa vizuri inawaka moto.

#20 Mkorosho_Mzee
Kijogoo wewe una laana. Nipa umpe kidung'ata?

#21 MwanaSUA
Nipa nguvu yake inategemea mpishi, na ina vitu vingine visivyo spiriti, hujui unapaka nini kwenye jani. Mbali na kuwa ni haramu kisheria.

#22 Kijogoo_Lindi
Haya, afande.

#23 Temeke_Kwetu
Nimepita tu kutoka Dar. Mbona mnahangaika? Pilipili kichaa, kitunguu saumu, ugoro, loweka, pulizia. Vitu vya asili, havina madhara. Mama yangu ametumia maisha yake yote.

#24 MwanaSUA
Ugoro ni tumbaku, na ndani yake kuna nikotini. Nikotini ni sumu kali, inapita hata kwenye ngozi. Watu wanaovuna majani mabichi ya tumbaku huugua kwa kugusa tu. Umande wa asubuhi ukilowesha majani, wanarudi nyumbani wanatapika. Isitoshe tumbaku inaweza kubeba virusi vya kuharibu mimea ya jamii yake, nyanya na pilipili. "Asili" haimaanishi salama.

#25 Temeke_Kwetu
Wasomi mnatisha watu. Mama yangu yupo hai.

#26 Mkorosho_Mzee
Hapo kijana kasema kweli, nikiri. Kuna utupa, mti wa kwetu kabisa. Majani yake yakitwangwa na kutiwa mtoni samaki wanaelea. Wazee waliutumia kwa kupe na wadudu. Ni wa asili, lakini kwenye maji yenye samaki hauingizwi, na uvuvi wa sumu ni marufuku. Asili nayo ina meno.

#27 Duka_la_Pembejeo
Asante mzee! Haya ndiyo nayasema kila siku. Na pareto je? Ua la Iringa na Mbeya, dawa imo ndani ya maua yenyewe. Viuatilifu vingi vya dukani vya jamii ya permethrini vimetengenezwa kwa kuiga hiyo. Nani ataniambia mpaka wa asili na dukani uko wapi?

#28 Paka_Watatu
Umetaja permethrini. NAOMBENI, wenye paka msitumie hizo ndani. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja kama la mbwa au la mtu. Anaanza kutetemeka, anakakamaa, anaweza kufa. Mimi nipo Mikindani, kuna mtu alitiwa moyo kupulizia zulia kwa ajili ya viroboto, paka wake akaanza kutetemeka usiku ule ule. Bint una paka?

#29 Bint_Shangani
Sina, ila wa jirani analala kwenye chungu changu cha ulimi wa mama mkwe.

Kitalu_Mitwero, wapo! Msafara mzima, unatokea kwenye ufa wa ukuta, unapanda krotoni. Sikuwa nimeunganisha kabisa. Basi bibi hana mdudu kwa sababu hana sisimizi?

#30 Kitalu_Mitwero
Ndivyo ninavyoamini.

#31 BwanaShamba_Mstaafu
Au sisimizi wamehamia kwako kwa sababu kwako kuna sukari. Usianzie mkiani.

Na sisimizi si wote wabaya. Maji moto, wale wekundu wanaoshona majani ya mkorosho kuwa kiota, wanakula mbu wa mikorosho na kunguni wa minazi. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele kimelichunguza jambo hilo miaka mingi. Mkorosho wenye maji moto wengi hauhitaji sumu nyingi.

#32 Kijogoo_Lindi
Wazo zuri. Bint chukua kiota cha maji moto weka sebuleni. Mwenye nyumba hatakuja tena kuchuma mrehani wala kudai kodi.

#33 Kitalu_Mitwero
Hahaha. Tena nao wanafuga wadudu wa magamba kwa ajili ya utamu, kwa hiyo utakuwa na vyote viwili.

#34 Mkorosho_Mzee
Hiyo ya mdudu kumla mdudu mimi nimeiona. Miaka ya 1980 mihogo ilikunjamana kileleni, huyo huyo kidung'ata lakini wa muhogo. Kisamvu kikakosekana. Wakaleta nyigu kutoka Brazil, wadogo kuliko sisimizi, basi.

#35 MwanaSUA
Mzee, Paraguay, siyo Brazil. Nyigu Anagyrus lopezi, anataga ndani ya kidung'ata, mtoto anamla akiwa mzima. Kituo cha IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki kule Ibadan, Nigeria, kilianza kumwachia mashambani mwaka 1981, akasambazwa nchi nyingi za Afrika. Hans Rudolf Herren, Mswisi aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.

#36 Mkorosho_Mzee
Paraguay, Brazil, walikotoka ni mbali. Kisamvu kilirudi.

#37 Bint_Shangani
Jamani kwenye sebule siwezi kufuga nyigu. Turudi kwa bibi, maana mmenipoteza.

Leo nimemfuata na swali. Maelezo yake haya hapa. Moja, maji ya vyombo anayotumia ni ya sabuni ya mche, siyo ya unga, na anamwagia juu ya majani, siyo kwenye udongo tu. Mbili, kila asubuhi akifagia anageuza majani na kuyapangusa kwa kipande cha kanga kilicholowa. Tatu, majivu ya jikoni anatia kidogo kwenye vyungu. Nne, ua likiugua analitupa nyuma ya choo, "halinidai". Nikamwuliza kuhusu mbolea akacheka.

#38 Duka_la_Pembejeo
Wewe mbolea unaweka?

#39 Bint_Shangani
Urea. Kijiko kwa chungu, kila wiki. Nilitaka zijae haraka.

#40 Duka_la_Pembejeo
Kila wiki! Hapo ndipo penyewe. Naitrojeni nyingi inatoa majani laini yenye utomvu mtamu, wafyonzaji wote wanaitana. Mimi nauza mbolea na nakwambia acha.

#41 Kitalu_Mitwero
Sabuni ndiyo siri yake. Sabuni inamziba mdudu na kuvunja nta, ila inafanya kazi ikiwa majimaji tu, ikikauka imekwisha. Bibi anarudia kila siku, ndiyo maana anafanikiwa. Wewe kama unataka kuiga, kijiko kidogo cha chai cha sabuni laini ya maji kwa lita moja, jaribu jani moja kwanza, subiri siku moja au mbili, ndipo uoshe mmea mzima, chini ya majani hasa. Sabuni ya unga usiguse, inaunguza. Na zile mimea zenye vumbi la nta, kama baadhi ya aina za mishubiri na ndugu zake, zinaharibika sura.

#42 BwanaShamba_Mstaafu
Mimi naona ni kile kitambaa. Kupangusa kunaondoa vumbi, na utitiri anapenda vumbi. Unapangusa mayai, unapangusa utando. Sabuni ni ya ziada. Pia ya kwake yapo barazani, mvua inayafua, upepo wa bahari unapita, na wadudu rafiki wanaingia bila kubisha hodi. Ya sebuleni hayana hiyo bahati.

#43 Mama_Naliendele
Majivu mbona mmeyaruka? Bibi ametaja majivu.

#44 MwanaSUA
Majivu yakiwa makavu juu ya jani yanaweza kumkausha mdudu laini, lakini kwenye udongo kwa wingi yanaufanya uwe na alkali nyingi, kama wa chokaa, mimea mingine inashindwa kula madini ya chuma, majani yanapauka. Kidogo tu.

#45 Mama_Naliendele
Kidogo tu ndiyo alichosema bibi.

#46 Mkorosho_Mzee
Mimi nasema ni kutupa. Anayetupa ua likiugua hana mdudu, kwa sababu mdudu ameenda nyuma ya choo. Nendeni mkahesabu huko.

#47 Paka_Watatu
Huyu mzee ametisha 😂

#48 Nesi_Kusini
Swali langu dogo: ule mrehani. Ile dawa ya kichupa ilipulizwa sebule nzima, na mama mwenye nyumba anachuma. Anaufanyia nini?

#49 Bint_Shangani
Chai na maji ya kuoga mtoto 😳

#50 Nesi_Kusini
Mwambie leo. Dawa halali huwa na lebo inayosema siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Yako haina lebo, kwa hiyo mrehani huo usiliwe wala usiogeshewe mtoto. Ung'oe, panda mwingine, uweke mbali.

#51 Duka_la_Pembejeo
Naunga mkono. Na ile imidaklopridi niliyotaja juu, isimwagiwe karibu na kopo la kitu kinacholiwa, wala mmea uliomwagiwa wenye maua yanayotembelewa na nyuki usiutoe nje. Umoja wa Ulaya ulizuia matumizi yake mashambani nje mwaka 2018 kwa ajili ya nyuki. Mkinunua chochote angalieni usajili wa TPRI, ile taasisi ya utafiti wa viuatilifu.

#52 MwanaSUA
Siku hizi ni TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Sheria ya mwaka 2020. Makao makuu yamebaki Arusha.

#53 Duka_la_Pembejeo
Sawa, TPHPA. Na utepe wa rangi kwenye lebo: nyekundu ni hatari kuliko zote, kisha njano, bluu, kijani. Kwa ndani ya nyumba mteja wangu akiniuliza, nyekundu na njano simuuzii.

#54 Temeke_Kwetu
Vipi mafuta ya maganda ya korosho? Huko si kwenu ndiko yanakotoka? Nasikia mchwa wanayakimbia.

#55 Mama_Naliendele
Mchwa wanakimbia, na ngozi yako nayo inakimbia. Tunaobangua tunapaka majivu mikononi ndiyo tushike ganda, na bado vidole vinababuka. Usiyapake kwenye jani la mtu.

#56 Bint_Shangani
Taarifa kutoka mstari wa mbele. Waridi nimelitoa nje, nimelioga kwa maji ya bomba chini ya majani, limepata nafuu. Urea nimeacha. Tofali na sahani ya maji tayari, sisimizi wamesimama ukingoni wanashangaa.

Ila krotoni! Nimeivuta kwenye chungu nione, kumbe mizizini mmejaa unga mweupe, na wadudu wadogo weupe wanatembea kwenye udongo. Spiriti na vijiti vyote nilivyomaliza juu vilikuwa vya nini?

#57 BwanaShamba_Mstaafu
Vidung'ata wa mizizi. Hao sabuni haiwafikii, mwarobaini wa kupuliza haufiki. Osha mizizi yote kwa maji, kata iliyooza, choma ule udongo au uuanike juani, chungu kioshe kwa maji ya moto. Udongo mpya.

#58 Duka_la_Pembejeo
Au umwagie ile ya kunyonywa. Mara moja. Hapa ndipo dukani panaposhinda, mkubali msikubali.

#59 Mkorosho_Mzee
Kokwa za mwarobaini zilizosagwa, changanya kwenye udongo mpya. Mizizi inanyonya pia.

#60 Kitalu_Mitwero
Mimi kitaluni huo ningekata vipande vya juu, nikaviosha, nikavipanda upya. Shina la zamani jalalani. Krotoni inashika kirahisi, hasara yake nini?

#61 Mkorosho_Mzee
Niliwaambia. Nyuma ya choo.

#62 Paka_Watatu
Kitalu, ukiwa na ule mmea wa ndani wa ZZ niambie bei. Huku wanaiuza kama dhahabu.

#63 Kitalu_Mitwero
ZZ ninayo. Halafu mnajua ni mmea wa Afrika Mashariki huu huu? Unaota wenyewe kwenye misitu ya pwani ya nchi yetu, chini ya miti, kwenye mawe. Wazungu wameupeleka Uholanzi, umezalishwa, umerudi kwetu na chungu cha kauri. Wadudu wanausumbua kidogo sana. Nanenane nitakuwa viwanja vya Ngongo, hapa Lindi, bei ya pale ni ya kuelewana, ila msije kabla hela ya korosho haijatoka mkaniambia mtalipa baada ya mnada.

#64 Paka_Watatu
Nanenane ni Agosti, minada mpaka Oktoba. Unatutania.

#65 Kitalu_Mitwero
Basi andikeni majina.

#66 Bint_Shangani
Mimi niandike ya kwanza. Na krotoni mmeniambia nioshe, nimwagie sumu, nichanganye kokwa, nikate, nitupe. Kesho Jumamosi, naomba jibu moja.

#67 BwanaShamba_Mstaafu
Osha mizizi.

#68 Duka_la_Pembejeo
Mwagia.

#69 Mkorosho_Mzee
Tupa.

#70 Kijogoo_Lindi
Ukitupa niambie jalala gani, nakuja na bodaboda. Lindi hapa nina chungu kitupu.